Ng'ombe wa Kipindi cha Asubuhi

Kuna asubuhi moja ng'ombe alilia redioni kwetu mara nyingi kuliko nilivyosema "habari za asubuhi".

Siwatanii. Na ng'ombe mwenyewe hakuwapo. Studio yetu iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake ni nyembamba hadi meza ya meneja ilibidi ipandishwe vipande vipande. Ng'ombe angepitia wapi?

Vuteni viti niwasimulie, maana mambo haya bado yananichekesha peke yangu nikiwa naosha vyombo, na mume wangu ameshaanza kuniangalia kwa jicho la wasiwasi.

Mimi ni mtangazaji. Nina kipindi cha asubuhi cha kupiga simu, kila mtu anasema lililo moyoni. Wasikilizaji wananiita Dada Kengele kwa sababu sauti yangu inaamsha hata aliyekunywa dawa ya usingizi.

Na mdomo ninao. Ukiniambia nyamaza, hapo hapo nakumbuka jambo jingine la kusema. Uhuru wa kusema nimeupigania hewani miaka na miaka, kwa sauti ya juu, na nilijiona shujaa kweli kweli.

Kipindi kina wapigaji wake wa kila siku. Kuna dereva mstaafu anayechukia matuta ya barabarani. Kuna mwalimu anayenisahihisha Kiswahili. Halafu kuna Mama Kabichi.

Mama Kabichi anauza mboga soko kuu. Sauti yake nzito, haina haraka. Akipiga simu anaanza na salamu za nyumba nzima, anauliza hali ya fundi mitambo, anauliza kama nimekula, kisha anasema "sasa mwanangu, nilichopigia simu ni hiki."

Alichopigia simu kilikuwa choo.

Soko lilikuwa limejengewa choo kipya. Vigae ndani, masinki, hadi kioo cha kujitazama. Ila mlango una kufuli, na juu ya kufuli umefungwa utepe mwekundu, kwa sababu kilikuwa kinasubiri mgeni rasmi aje kukifungua. Mgeni rasmi hakuwa na nafasi. Utepe ulianza kupauka, na wauzaji wa sokoni, watu wanaokaa pale toka alfajiri hadi jioni, walikuwa wanavuka barabara kumwomba choo fundi cherehani, ambaye naye alichoka akatia kufuli lake.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Unajua redio ina matangazo ya biashara, ina taarifa ya habari, dakika zinakimbia. Mama Kabichi akifika kwenye "nilichopigia simu ni hiki", mimi tayari nimeangalia saa ya ukutani. Namshukuru vizuri, namwambia muda umetutupa mkono, naingia kwa mpigaji mwingine. Kazi ndiyo hiyo.

Basi siku moja Bosi, meneja wetu, akaingia studio uso umempauka kuliko ule utepe.

Mamlaka ya utangazaji ilikuwa imempigia simu. Kuna mwananchi amekilalamikia kipindi changu. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu ofisa wa Mamlaka atakaa ndani ya studio, pembeni yangu, na kitufe. Likitoka hewani neno moja lisilofaa, leseni inachukuliwa.

Nikamuuliza nani amelalamika na amelalamikia nini. Bosi akasema hakuambiwa, na hakuwa na ubavu wa kuuliza.

Nilikaa chini. Leseni ikienda, na mimi nimekwenda. Kazi ninayoijua ni kuongea tu, na nyumbani kwangu hakuna anayenilipa kwa kuongea, wanatamani wanilipe ninyamaze.

Mtambo wenyewe ulifanya kazi hivi. Tunayoyasema studio yanachelewa sekunde kadhaa kabla ya kumfikia msikilizaji. Ofisa akisikia neno baya anabonyeza, neno linafutwa, na mahali pake inawekwa sauti nyingine. Kanuni zikasema mahali pale pasiwe kimya, maana redio ikinyamaza watu watadhani nchi imepinduliwa. Pasiwekwe wimbo, maana nyimbo zina mafumbo. Wala pasiwekwe sauti ya binadamu, maana binadamu ana maoni.

Fundi mitambo akajikuna kichwa. Akapekua kompyuta yote, akakuta sauti moja tu inayokidhi vigezo, iliyobaki kwenye tangazo la zamani la chakula cha mifugo.

Moooo.

Jumatatu ofisa akaja. Nilimtegemea mtu wa kutisha, nimekunja na uso tayari. Akaingia mwanaume mpole, shati limechomekewa, kabeba chupa yake ya chai na mto mdogo wa kukalia. Akatusalimia mmoja mmoja. Akaomba radhi kwa usumbufu. Kisha akaweka mto, akakaa, akaweka kidole juu ya kitufe, na upole ukaishia hapo. Tukambatiza Bwana Kitufe.

Mwalimu alikuwa wa kwanza. "Dada Kengele, mimi naona wakubwa wetu wangepaswa..." Moooo.

Akaja dereva mstaafu. "Haya matuta yamewekwa na mtu ambaye..." Moooo.

Hata aliyepiga kuzungumzia hali ya hewa hakupona. Alisema mvua ya jana imeonyesha wazi kwamba mitaro, na ng'ombe akalia.

Siku za mwanzo watu walidhani redio zao zimeharibika. Baadaye wakaelewa, na walipoelewa ndipo balaa lilipoanza. Ng'ombe akilia tu, watu wanajua hapo ndipo penye jambo. Fundi cherehani alitoa redio nje, watu wakawa wanakusanyika kubuni ng'ombe amekula neno gani. Dereva mstaafu masikini ya Mungu alitaka kusema matuta yamewekwa na mtu ambaye hana gari. Kufika mchana mji mzima ulikuwa na toleo lake, na siwezi kuliandika hapa kwa sababu wazazi wangu wanasoma.

Diwani mmoja alisimama kwenye mkutano kueleza mipango ya mwaka. Alipofika kwenye barabara, mtu wa nyuma akalia moo. Ukumbi mzima ukaitikia. Diwani akakaa.

Mamlaka wakapiga simu kwa hasira, nani ametoa ruhusa ya ng'ombe. Bosi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapata ujasiri. Akawakumbusha kanuni zao wenyewe: si kimya, si wimbo, si binadamu. Wakatafuta kosa la ng'ombe wakalikosa.

Mama Kabichi hakuwa amepiga simu siku zote hizo. Nikajua ameshasusa.

Kumbe wapi. Asubuhi moja taa ya simu ikawaka, nikapokea.

"Haloo, Dada Kengele. Hamjambo hapo? Fundi hajambo? Umekula?"

Bwana Kitufe aliondoa kidole kwenye kitufe kama ameshika sufuria ya moto. Halafu akasimama. Mikono nyuma, macho sakafuni.

Nikamtazama. Nikatazama kitufe. Hakuna mtu aliyekigusa.

Mama Kabichi akaingia kwenye hoja. Akaeleza choo chote, kuanzia vigae hadi kioo. Akaeleza mama mjamzito anayeuza nyanya anavyoshinda bila kunywa maji ili asihitaji kwenda popote. Hapo sikucheka, na hadi leo nikikumbuka roho inaniuma. Kisha akamgeukia mgeni rasmi.

"Huyo mheshimiwa anajua njia ya choo chake tu, chetu hakijui. Kukata utepe kumemshinda, ila maneno yetu yanakatwa kila asubuhi. Na huyo ng'ombe wenu, sijui amelelewa na nani. Watu wazima wanaongea, yeye anaingilia."

Bwana Kitufe akainamisha kichwa zaidi. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye kola.

Saa ya ukutani ilishanipita, matangazo yalikuwa yananisubiri, lakini nani angeacha sinema ile? Nikamwacha mama aongee.

"Basi, nimemaliza mwanangu," akasema. "Leo nimemaliza." Akakata simu.

Lile neno "leo" lilinipita sikioni bila kuligonga.

Nilimuuliza Bwana Kitufe kulikoni. Akasema miguu inakufa ganzi, daktari kamshauri asimame mara kwa mara. Kesho yake Mama Kabichi akapiga tena, na ganzi ikaja sekunde ile ile.

Siri ilifichuka wakati wa taarifa ya habari, vipaza sauti vimezimwa. Simu yake ilianza kutetemeka mezani, na kwenye kioo pameandikwa Mama Mkwe. Akasimama. Mkono mmoja nyuma, macho sakafuni.

"Shikamoo mama. Naam mama. Niko ofisini mama, kwenye mafaili."

Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa nzito, haina haraka, na ilikuwa inamuuliza kama amekula.

Nilimtazama Fundi kupitia kioo cha studio. Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Bwana Kitufe alipokata simu akatuona tulivyo, akajua ameisha. Akatuomba, nusu alie. Akasema alipokwenda kuposa, ukoo mzima wa binti ulimkataa, wakasema mtu wa ofisini hana mkono wa kushika jembe. Mama peke yake ndiye alisimama na kusema mwacheni, huyu ana adabu.

"Dada," akaniambia, "mtu aliyekupa mke, unamkatiza vipi akiongea?"

Nyumbani amesema yuko kwenye mafaili. Mama mkwe akijua kwamba ng'ombe anayemsema kila asubuhi ni mkwe wake, atauweka wapi uso?

Nilimwambia siri yake iko salama. Na ilikuwa salama kweli. Ila sikuahidi kutoitumia.

Kuanzia hapo Mama Kabichi akawa wa kwanza kupokelewa kila siku. Soko likashtuka kwamba kuna namba moja tu mjini ambayo ng'ombe haigusi. Watu wakaanza kupanga foleni kwenye kabichi zake na malalamiko yao. Naye anayafikisha yote, kwa utulivu, kwa mpangilio: dereva anasema hivi kuhusu matuta, mwalimu anasema vile, fundi cherehani anaomba watu waelewe kwamba choo chake si cha umma. Mwisho anarudi kwenye utepe.

Bwana Kitufe akawa anasimama kipindi kizima. Fundi aliuchukua ule mto akaukalia yeye.

Habari za raha ile zikamfikia mgeni rasmi, naye akatushtaki.

Mamlaka ikatuita kwenye shauri. Kosa ni kumkashifu kiongozi hewani, na adhabu inayoombwa ni leseni. Bosi akaanza kuwauliza watu habari za ufugaji wa kuku. Mimi nikaandaa hotuba. Nilisema kama tunakufa, basi tufe tukizungumza, na nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo hadi mume wangu akaikariri.

Chumba cha shauri kilikuwa na meza ndefu, na kila kiti kina kipaza sauti chenye taa nyekundu ambayo anaiwasha Mwenyekiti peke yake. Bibi mmoja wa miwani alikuwa na kitabu cha kanuni. Mama Kabichi aliitwa kama shahidi, wajue kama kuna mtu anamtuma. Alivaa vizuri, akakaa mbele kabisa. Bwana Kitufe alijibanza nyuma ya kabati la vitabu, nikaona kiatu chake tu.

Wakapiga rekodi. Mheshimiwa anajua njia ya choo chake tu. Kuna mtu alicheka, akageuza kuwa kikohozi.

Mwenyekiti akauliza siku hiyo ofisa wetu alikuwa wapi. Akajibiwa alikuwapo. Akaamuru ajitokeze.

Kiatu kikasogea, mtu akatoka nyuma ya kabati. Mikono nyuma, macho sakafuni.

Mama Kabichi akageuka. Akamtazama muda mrefu, toka kichwani hadi kwenye viatu.

"Kumbe ng'ombe ni wewe?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si ulisema uko kwenye mafaili?"

Mwenyekiti akamtaka aeleze kwa nini hakubonyeza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ni mama mkwe wangu," akasema kwa sauti ya mtu anayezama. "Kanuni nazijua zote. Sikuona kifungu kinachoeleza namna ya kumkatiza mama mkwe akiwa anaongea."

Bibi wa miwani akafungua kitabu, akapekua mbele, akapekua nyuma, akatikisa kichwa. Mwenyekiti akachezea kalamu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba mama mkwe wa kwake anaishi naye nyumba moja.

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Taa yangu ikawashwa, nikasimama, nikavuta pumzi.

"Waheshimiwa, kila mwananchi ana haki ya kusema mpaka amalize..."

"Samahani," akasema Mama Kabichi, mkono juu. "Kabla hajaendelea. Aliyekuja kulalamika mara ya kwanza ni mimi."

Mimi nikabaki nimesimama na hotuba yangu.

Akaeleza bila haraka, kama kawaida yake. Alimwachia jirani kabichi zake, akaja hapo Mamlaka kwa miguu yake, akamkuta kijana wa mapokezi akamweleza shida.

"Nilimwambia kuna mtangazaji anakatiza watu. Kila siku nikitaka kutaja choo, ananiambia muda umemtupa mkono. Nikaomba wampeleke mtu akae naye pale, amzuie. Wao wakampelekea mtu wa kumsaidia kukata."

Macho yote yakanigeukia.

Nikasema kwa unyonge kwamba huenda ilitokea mara moja, mara mbili, mambo ya muda. Mwenyekiti akauliza kama kuna rekodi za nyuma. Fundi, yule msaliti aliyekalia mto wa wenyewe, akasema zipo, amekuja nazo.

Wakazipiga. Sauti ya mama inasalimia, inauliza fundi hajambo, inauliza kama nimekula. Sasa mwanangu, nilichopigia simu ni hiki. Halafu sauti yangu, tamu, imechangamka: asante sana Mama Kabichi, muda umetutupa mkono. Inafuata siku nyingine, salamu, fundi, chakula, asante sana. Siku nyingine tena. Wiki hadi wiki mama yule hakuwahi kufika kwenye neno choo, na mama mjamzito wa nyanya alikuwa pale sokoni muda wote huo, hanywi maji.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Wakati wa rekodi zile mtambo ulikuwa haujanunuliwa. Mamlaka ilikuwa haijatia mguu. Ng'ombe wa kwanza wa redio ile nilikuwa mimi.

Nikakaa chini bila kuombwa. Hotuba iliishia pale, na mume wangu ndiye pekee anayeijua hadi mwisho.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Leseni inabaki, kwa sababu mama hakumkashifu mtu, alieleza kufuli. Bosi alilia waziwazi. Bwana Kitufe akarudishwa kwenye mafaili, ya kweli safari hii, akawashukuru kana kwamba amepandishwa cheo.

Ikabaki habari ya kitufe. Mwenyekiti alisema mtambo umeshafungwa na hauwezi kung'olewa, mkaguzi atauliza. Mama Kabichi akasema kama tatizo ni kupata kazi ya kukipa, kazi ipo, na mtu wa kukishika yupo.

Kuhusu choo, mgeni rasmi alituma ujumbe kwamba atafika wiki ijayo. Soko halikusubiri. Mlinzi alifungua kufuli, na Mama Kabichi akakata utepe kwa kisu chake cha kukatia mboga, huku mkwe wake amemshikia ncha mbili, mgongo umeinama. Tulirusha moja kwa moja. Wa kwanza kuingia alikuwa yule mama wa nyanya, na alipotoka watu walimpigia makofi kuliko mgeni rasmi yeyote niliyewahi kumtangaza.

Sasa basi, somo.

Kelele za uhuru wa kusema ni rahisi sana ukiwa wewe ndiye mwenye kipaza sauti. Nilikuwa namtafuta adui mwenye kitufe, kumbe na mimi nilikuwa nacho, nimekivika maneno ya adabu. Na wewe unayesoma, mwenye watoto, mwenye wafanyakazi, mwenye mke au mume, jisikilize leo jioni umemwambia nani kwamba muda umekutupa mkono.

Kitufe bado kiko studio. Kimeunganishwa na kipaza sauti changu tu. Mama Kabichi anakuja mara moja kwa wiki, anakalia ule mto, anauliza kama nimekula, kisha anaweka kidole pale. Nikitaka kumharakisha mpigaji simu, mji mzima unasikia ng'ombe, na wanajua ni nani anayelia.

Nilitaka kuongeza mawili matatu hapa, lakini leo ni siku yake, na ameshaanza kuuangalia mkono wangu unaoandika, kidole chake kiko juu ya kitufe.